Waya wa Mkono wa Kushoto: Kumuaga Bi Ardith Ouellette

Jumatano ya tarehe 18 Desemba, baada ya chakula cha mchana katika Ukumbi wa Wakulima, Bi Ardith Ouellette atastaafu kazi ya kujitolea aliyoifanya kwa miaka thelathini na nane: kusimamia utengenezaji wa mashada ya Krismasi ya Klabu ya Bustani ya Wexcomb. Wenye kumbukumbu nzuri watasema sentensi hii wameshawahi kuisoma. Ni kweli. Mwandishi ni yuleyule, katibu wa klabu, na hii ni mara ya nne ninamwandikia Bi Ardith wasifu wa kustaafu. Mara ya kwanza nilitafuta maneno matamu. Mara ya pili niliyanakili yale ya kwanza nikabadilisha tarehe. Mara ya tatu nilisahau hata kubadilisha tarehe. Safari hii nimechoka, sina nguvu ya kupamba, kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyokuwa.

Bi Ardith alijiunga nasi akiwa mpishi wa shule ya msingi. Alikuja kuuliza swali moja tu: kwa nini mawaridi yake yanakufa kila majira ya baridi. Kabla hajajibiwa, mtu alimwomba amshikie waya kidogo, maana ilikuwa Novemba na mikono haitoshi. Alishika. Krismasi ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa akituambia wapi pa kukaa na nani asiguse utepe. Swali la mawaridi halijajibiwa mpaka leo, na yeye hakuliuliza tena.

Kazi yenyewe mnaijua. Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, tunakutana saa tatu asubuhi ukumbini, watu ishirini na wawili hivi, kila mmoja na glavu zake. Tunafunga vishada vidogo vya matawi ya msonobari kwenye pete ya waya, kimoja juu ya mkia wa mwenzake, mpaka duara lijae. Mashada sitini na manne. Yanakwenda maktaba, posta, kituo cha zimamoto, makanisa matatu, zahanati, nguzo za daraja, na milango ya wazee ambao theluji ikishaanguka hawatoki tena hadi Aprili. Jumatatu yanatundikwa. Mji mzima wa Wexcomb hauhesabu kwamba Krismasi imeanza mpaka uone utepe mwekundu kwenye mlango wa posta.

Matawi yaliletwa na mume wake, Rosaire, aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka kilipofungwa. Rosaire ana kanuni moja, na hapa jimboni Maine hakuna anayebishana nayo: msonobari hauvunjwi kabla baridi kali haijapita mara tatu. Ukivunja mapema, majani hayashiki, yatapukutika hata uyafunge kwa minyororo. Kila Oktoba aliweka kikombe cha bati chenye maji barazani. Asubuhi aliyoyakuta yameganda mpaka chini, alihesabu moja. Alipofika tatu, alichukua gunia akaingia msituni, na jioni mikono yake ilinukia utomvu kiasi kwamba mbwa wa jirani alimfuata hadi mlangoni.

Bi Ardith hasifii ovyo. Kwa miaka yote hii tumemsikia akitoa hukumu za aina tatu. Akisema "Mm," maana yake kazi yako ni mbaya. Akisema "Sawa," ni mbaya lakini hana muda. Na mara chache, akilishika shada akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi, alisema "Litakaa." Hapo ulikwenda nyumbani kichwa kimevimba. Gordon Stackpole, aliyekuwa mkuu wa zimamoto, aliambiwa "Litakaa" mwaka 2004, na bado anatusimulia.

Sasa nifike kwenye kustaafu kwake.

Alistaafu mara ya kwanza miaka tisa iliyopita. Alisema vidole vinamuuma asubuhi na hawezi hata kufungua mtungi wa jemu. Tulimpa kopo la kumwagilia maua lenye jina lake, tukampigia makofi tukiwa tumesimama. Lucille Gagnon alikubali kushika nafasi. Novemba iliyofuata Lucille aliikimbia baridi akaenda Florida, akatutumia kadi yenye picha ya mnyama aliyevaa miwani ya jua. Nikampigia simu Bi Ardith. Nilimwambia, "Njoo saa moja tu, utuelekeze." Alikaa wiki mbili.

Alistaafu tena miaka minne baadaye. Tulimpa saa ya ukutani. Nafasi yake waliigawana wanawake wawili ambao sitawataja kwa sababu wote wawili watakuwepo Jumatano. Waligombana kuhusu utepe, mmoja akitaka wa mahameli na mwingine wa mirabaraba, na mpaka leo wanapitishiana chumvi kupitia mtu wa tatu. Nikapiga simu. "Saa moja tu, dada." Akaja.

Mara ya tatu ilikuwa miaka miwili iliyopita. Tulimpa blanketi la magoti. Safari hiyo hakuna aliyejitokeza kumpokea, hata wa kugombana naye. Mwaka mzima ukapita, Novemba ikafika, nikaishika simu. Upande wa pili Bi Ardith akasema, "Rosaire hayuko vizuri. Anasahau. Juzi aliniuliza kama mimi ndiye nesi."

Nami nilisema, "Basi mlete. Atakaa karibu na jiko la kuni, kuna joto."

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Hakuna mwingine aliyeyasema, na nisingependa yahesabiwe kuwa makosa ya klabu.

Akamleta. Rosaire alikaa karibu na jiko akiwa na koti lake, akaniuliza mara tatu hii ni nyumba ya nani. Kila nilipomjibu, alinishukuru kwa adabu. Bi Ardith alipita kati ya meza akisema "Mm" na "Sawa," na kila dakika kumi alimtazama mumewe kama mtu aliyeacha chungu motoni. Saa tisa tukamaliza, tukala donati, tukajipongeza, tukaondoka. Yeye akabaki kufunga ukumbi. Sikuzote yeye ndiye aliyebaki kufunga ukumbi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kwa nini kufunga mlango mmoja kunamchukua mtu hadi Jumapili jioni.

Siku ya Jumanne Gordon aligundua kwamba kifaa chake cha kusikia cha sikio la kulia hakipo. Alitafuta kwenye gari, kwenye glavu, kwenye sanduku la donati. Mwishowe akakumbuka kwamba Jumamosi alikuwa akijikuna sikio huku anafunga waya, akawa na hakika kwamba amekifungia ndani ya shada. Akachukua ngazi, akaenda kituo cha zimamoto, akalishusha shada lake mlangoni na kuanza kulifungua.

Dakika kumi baadaye alikuwa jikoni kwangu, shada mezani, na kwa sababu hasikii alikuwa anapaza sauti.

"Hili si langu."

"Ndilo lako, Gordon. Niliona ukilibandika kibandiko cha zimamoto."

"Kibandiko ni changu. Tazama waya."

Nikautazama. Mtu yeyote anayefunga shada hushika pete kwa mkono mmoja na kuzungusha waya kwa mwingine. Sisi wote klabuni tunatumia mkono wa kulia, kwa hiyo waya wetu unazunguka upande mmoja. Huu ulizunguka upande wa pili, toka mwanzo hadi mwisho, umebana, umenyooka, kila mzunguko umbali sawa na mwenzake. Wexcomb nzima hakuna anayefunga hivyo ila mtu mmoja, na mtu huyo anakata nyama, anaandika na kusuka kwa mkono wa kushoto.

Tukaingia kwenye gari la Gordon. Tukaenda maktaba: kushoto. Posta: kushoto. Kanisa la Mtakatifu Brendani, milango yote miwili: kushoto. Darajani tuliinama kwenye theluji kama wezi, Gordon akiwa ameshika tochi. Kushoto. Tulipofika la thelathini na moja nikamwambia inatosha, nina baridi na jibu ninalo.

Tukaenda kwake. Bi Ardith alifungua mlango akiwa na aproni. Kabla hatujasema lolote aliingiza mkono mfukoni akatoa kifaa cha Gordon, kimefungwa kwenye karatasi safi ya jikoni.

"Nilikipata Jumapili," alisema. "Nilikuwa natafuta namna ya kukirudisha bila kusema nimekitoa wapi."

Akatukaribisha ndani, akatupa pai ya nyama, na akaeleza yote kwa sauti ileile ambayo angetuelezea jinsi ya kuchemsha viazi. Mwaka wake wa kwanza wa usimamizi, shada moja lilimwangukia padri akiwa anawasalimu waumini. Mwaka wa pili akaona matatu yamelegea, akayafungua na kuyafunga upya tulipokwishaondoka. Mwaka wa tatu yalikuwa tisa. Baadaye akaona ni rahisi zaidi kuanza na la kwanza na kumaliza na la sitini na nne, bila kuchagua. Ilimchukua Jumamosi jioni na Jumapili nzima, kisha hadi Krismasi alizunguka mjini akirudisha yaliyoangushwa na upepo. Rosaire alimkatia waya.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia.

"Kufanya kulikuwa rahisi kuliko kusema. Mlikuwa na furaha sana, mnaimba. Halafu nikajiambia, nitaacha siku watakapojua kufunga vizuri." Akakunja ile karatasi ya jikoni, akaikunja tena. "Mngejuaje, na mimi nafungua kila kitu?"

Rosaire alikuwa amelala kwenye kiti. Bi Ardith alimtazama, kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niuandike wasifu huu namna hii. Alisema, "Miaka hii yote Desemba sijawa nyumbani. Sasa nataka Desemba moja tu, nikae naye, angali ananijua mimi ni nani."

Nilikula pai.

Habari hizo zilipoenea, hamkufurahi. Naandika hivyo kwa sababu nilipokea simu zenu. Watu ishirini na wawili waliojipiga kifua kila mwaka wakipita mbele ya maktaba waliambiwa kwamba hawajawahi kutengeneza shada hata moja. Aliyeumia kuliko wote ni Phyllis Yeaton. Phyllis alikuwa na mazoea ya kulipiga picha "shada lake" la mlango wa maktaba na kumtumia dada yake aliyeko Ohio. Dada yake aliziweka ukutani.

"Miaka kumi na tisa," alimwambia Bi Ardith mbele ya duka la dawa, "namtumia dada yangu picha za shada lako."

"Utepe ulikuwa wako," Bi Ardith alimjibu. "Utepe sikuwahi kuugusa."

Phyllis hakumsemesha tena mpaka Machi, theluji ilipoyeyuka na akahitaji mbegu za nyanya.

Oktoba mwaka huu tulifanya mkutano kuamua kama kazi ya mashada iendelee. Mwenyekiti wetu, Thelma Boothby, alilieleza suala vizuri: Bi Ardith amesema hatakuja, na safari hii ni kweli, hatujui kufunga, vitabu havisaidii. Wengi walikuwa wanatazama meza. Naomba mjue nilivyopiga kura. Nilipiga kura tuache kabisa. Nilijua tukiendelea, saa itafika ambapo mtu atainua simu, na nilijua mtu huyo ni nani.

Phyllis ndiye aliyesimama. Koti lake alikuwa hajalivua, kama mtu aliyepita tu.

"Mimi nataka kutengeneza shada langu," alisema. "Likiwa baya, liwe baya. Nimechoka kusifiwa kwa kazi ya mtu mwingine."

Kura zilikuwa kumi na moja kwa kumi. Tukakubaliana pia, na nikaandika kwenye kumbukumbu, kwamba namba ya Bi Ardith iondolewe kwenye orodha yetu ya simu. Niliifuta kwa kalamu ya wino mweusi. Lakini namba niliyoipiga kwa miaka tisa ilikuwa kwenye vidole vyangu, haikuwa kwenye karatasi.

Matawi alileta Gordon. Tulimshukuru, maana alijitolea.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ndefu. Saa tatu tulianza kwa kuimba, saa nne tukaacha kuimba. Waya ulikatika, pete zikageuka mayai. Mtu alifunga glavu yake ndani ya shada na hakugundua mpaka alipotaka kwenda kunywa kahawa. Wale wawili wa utepe walijikuta meza moja na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano mmoja alimwambia mwenzake, "Nishikie hapa." Kufikia saa tano tulikuwa na mashada kumi na mawili, saba kati yake yakiwa hayawezi kuinuliwa bila kumwagika. Sixtus Doyon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikaa chini akasema mgongo umekwisha na ni bora twende nyumbani.

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Sikumbuki kuitoa simu mkobani. Nilikuwa nimeshabonyeza tarakimu sita kati ya saba.

Phyllis aliushika mkono wangu. Mikono yake ilikuwa na utomvu, ikaninata.

"Weka chini," alisema.

"Saa moja tu," nilisema. "Atuelekeze tu."

"Ndivyo unavyosema kila mwaka, shoga yangu. Weka chini, njoo unishikie pete."

Nikaiweka. Nilikwenda nikamshikia pete. Sikuwahi kuchukia mtu kama nilivyomchukia Phyllis kwa nusu saa ile, na leo namshukuru mbele yenu.

Tulimaliza jioni, kiza kimeshaingia, tukiwa na mashada arobaini na moja badala ya sitini na manne. Jumatatu tukayatundika, kuanzia milango ya wazee. La posta lilichukuliwa na upepo Jumatano na likapatikana kwenye uwanja wa shule. La halmashauri lina umbo la yai. Watu watatu walipiga simu kuuliza kama kuna vijana wanaharibu mapambo ya mji, nikawaambia hapana, ni sisi. Darajani hatukutundika, na tunaomba radhi kwa wakazi wa ng'ambo.

Jioni ya Jumatatu hiyo, mimi na Phyllis tulikwenda kwa Bi Ardith na shada la arobaini na moja. Nililifunga mwenyewe, na sitadai vingine. Mlango wa Bi Ardith haukuwahi kuwa na shada tangu aanze kazi hii. Kila mwaka alipomaliza milango ya wengine, vidole vilikuwa vimekufa. Mimi nilipita mbele ya mlango huo mtupu miaka yote, na niliona, na sikuona.

Rosaire alitoka kututazama tukilitundika. Alishika tawi moja, akalisugua kwa kidole gumba, majani yakabaki mkononi mwake.

"Nani kakata haya?" aliuliza.

"Gordon," nilisema.

Akainua vidole viwili. "Baridi mbili. Kikombe kimeganda mara mbili tu. Mmekata mapema."

Hapo ndipo tulipojua kwa nini Jumamosi sakafu ya ukumbi ilijaa majani ya kijani. Gordon alipoulizwa alisema alihesabu tatu, lakini mara ya tatu kikombe kiliganda kwenye jokofu lake la gereji, alitaka kuwa na uhakika. Mzee huyo ambaye hajui mwaka gani huu alikuwa ameweka kikombe chake barazani kama kawaida, na hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yetu.

Bi Ardith alitupa kahawa. Nilimuuliza Jumamosi aliishindaje. Nilitaka aseme amepumzika.

"Nilivaa koti saa mbili asubuhi," alisema. "Nikakaa karibu na simu. Nilijua utapiga."

Phyllis alinitazama. Mimi niliitazama kahawa.

"Saa sita ikafika, haijalia. Nikavua koti."

"Halafu?"

"Halafu tukanywa supu. Rosaire akaniuliza, 'Leo huendi, Ardith?' Nikamwambia siendi. Akasema, 'Vizuri, basi kaa hapa.' Nikakaa."

Alimwita kwa jina lake. Bi Ardith alitusimulia hivyo kwa sauti ya kuchemsha viazi, lakini alirudia mara mbili, na hajawahi kurudia jambo tangu nimfahamu. Kwenye gari Phyllis alilia, nami nililia, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naendesha, tulisimama kidogo mbele ya benki.

Wiki iliyopita nilipita tena mtaa wao. Bi Ardith alikuwa nje, amesimama mbele ya mlango wake, mkono wa kushoto umeshika koleo yake ya kukatia waya. Shada langu lilikuwa limeinama upande mmoja, na upande wa juu tayari lina upara. Nikasimamisha gari, nikashusha kioo.

"Hili umefunga wewe?" aliuliza bila kugeuka.

"Mimi."

"Mm." Akaligusa, likamwaga majani. "Halitakaa mpaka Mwaka Mpya."

"Najua. Unataka kulifunga upya?"

Nikaona vidole vyake vinakunjuka na kukunjika kwenye ile koleo. Ndani ya nyumba Rosaire aliita, "Ardith, unaleta baridi."

Akaitia koleo mfukoni. Akachukua ufagio, akafagia majani yaliyoanguka kizingitini, akaingia, akafunga mlango. Shada likatikisika, likabaki palepale.

Bi Ardith, klabu inakushukuru kwa mashada elfu mbili na mia nne na ushee, ambayo sasa tunajua kwamba karibu yote ni yako. Inamshukuru Rosaire kwa matawi na kwa kikombe chake. Jumatano hatutakupa zawadi, kwa sababu uliomba hivyo na kwa sababu tumeona kopo, saa na blanketi havikukusaidia kitu. Utapewa karatasi moja, orodha yetu ya simu, jina lako likiwa limefutwa kwa wino. Njoo kama Rosaire ana siku nzuri. Kama hana, bakini nyumbani, tutakuletea chakula mlangoni na hatutagonga sana.

Tunakutakia maisha mema, na hasa tunakutakia Desemba hii, na zijazo zote mtakazojaliwa. Mashada ya mwaka kesho yatakuwa mabaya. Simu yako haitalia.